Msafara Huenda kwa Mwendo wa Nani?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu, katika darasa letu kumezuka suala ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, hata baadhi ya wazee walitabasamu waliposikia latajwa msikitini. Lakini kila tulipolitazama tuliliona lazidi kukua, mpaka tukaona hatuna budi kuliandika. Suala lenyewe ni hili: watu wakifunga safari pamoja, kisha chombo cha mmoja wao kikaharibika njiani, je, yampasa yeye arudi ili asiwacheleweshe wenzake, au yawapasa wenzake wamngoje? Na ikiwa kungoja huko kwawapotezea jambo jema, kama vile Sala ya jamaa, lipi litangulizwe?

Hatukulitunga suala hili ili kupimana elimu. Limetufika wenyewe, wala hatukufanya vizuri.

Siku za likizo tulitoka watu 11 wa darasa hili, vijana na watu wazima, tukapakia baisikeli zetu garini mpaka Kisumu, na kutoka hapo tukapanda wenyewe kuelekea Busia, penye mpaka wa Kenya na Uganda. Nia yetu ilikuwa kuwazuru ndugu zetu Waislamu wa upande ule, na kuwazoeza vijana wetu taabu ya safari, kwani kijana aliyelelewa baina ya baraza na kitanda hajui nafsi yake ina nini. Wako watakaosema kwamba kupanda baisikeli ni mchezo wa watoto usiowafaa watu wa msikitini. Hao twawakumbusha kwamba mwaka 2017 kundi la Waislamu wa Uingereza lilitoka London kwa baisikeli, likaenda mpaka Madina kwa ajili ya Hija, na kwa safari hiyo likachangisha fedha za kuwasaidia watu wa Syria. Chombo chenyewe hakina thawabu wala dhambi. Nia ya mpandaji ndiyo ipimwayo.

Na lau tungetafuta nchi ya kujifunzia adabu ya baisikeli, tusingalipata iliyo bora kuliko ile. Jina la boda boda, ambalo leo latajwa katika kila mji wa Afrika ya Mashariki, lilizaliwa Busia. Huko, katika miaka ya 1960 na 1970, wenye baisikeli walikuwa wakiwapakia watu na mizigo nyuma yao, wakawavusha kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja mpaka cha upande wa pili, wakinadi kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Malaba, ulio upande wa kaskazini, ni mji wa mpaka kama huo, na hapo ndipo reli ivukapo kuingia Uganda. Mwaka 2018 kilifunguliwa rasmi Busia kituo cha pamoja, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Na kazi nyingi za baisikeli sasa zimechukuliwa na pikipiki. Lakini baisikeli hazikwisha, khasa katika njia za mashamba. Kusini ya mji wa Busia iko nchi ya Wasamia, ambao zamani walisifika kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali. Na katika nchi hiyo, upande wa Funyula, ndipo palipo Sigalame, tulipoazimia kulala.

Tuliondoka Kisumu baada ya Alfajiri. Tukapita Maseno, penye mstari wa Ikweta, kisha Luanda na Yala na Ugunja, kwa barabara ya kupanda na kushuka. Wengi wetu tulikuwa na baisikeli nyepesi zenye gia. Kijana mmoja miongoni mwetu, ambaye baba yake ni mchukuzi, alikuja na baisikeli ya babake, ile nyeusi nzito isiyokuwa na gia, iliyokwisha kufanya kazi miaka mingi kabla yeye hajazaliwa. Tulipopita Yala mkono wa pedali yake ya kushoto ulianza kucheza, kwa kuwa pini iushikayo ilikuwa imelika. Aliona, wala hakusema. Kila tulipotua kunywa maji aliigonga kwa jiwe nasi tumempa mgongo, kisha akapanda kama mtu asiyekuwa na neno.

Jua lilipokaribia kuchwa tulikuwa tumekwisha kuiacha barabara kuu, tumeingia nchi ya Wasamia. Waliokuwa mbele, nasi tuandikao haya tulikuwa miongoni mwao, walizidisha mwendo ili tuiwahi Magharibi kwa jamaa. Huko nyuma pini ikatoka, ikapotea vumbini, na pedali ikaanguka pamoja na mkono wake. Kijana aliita mara moja. Baadaye alitwambia kwamba aliona haya kuita mara ya pili.

Sisi tulifika kwa mwenyeji wetu, Mwislamu wa huko, tukatawadha, ikaadhiniwa, tukasali uani mwake. Imamu alisoma vizuri, na nyoyo zetu zilitulia. Twaliandika hili kwa sababu ndilo lililotuuma baadaye: nyoyo zetu zilitulia kweli. Chakula kilipoletwa watu wakaketi, na sahani moja ikabaki haina mwenyewe. Hapo ndipo tulipotazamana.

Kabla hatujapatana la kufanya tuliona mwanga wa tochi njiani. Alikuja mtu mzima mmoja wa boda boda juu ya baisikeli yake, na nyuma yake kijana wetu juu ya baisikeli ya babake. Mtu yule si Mwislamu. Alikuwa akirudi kwake baada ya kazi ya kutwa, akamkuta kijana asukuma chombo chake gizani. Kijana alitusimulia walivyoambizana.

"Wenzako wako wapi?"

"Wako mbele."

"Wanajua umekwama?"

"Hawajui."

Mtu yule hakuuliza zaidi. Alishuka, akatoa msumari na kipande cha bati alichokikata katika kopo, akauviringia msumari ule bati, akaupigilia mahali pa pini mpaka mkono wa pedali ukakamata. Kisha akamwambia kijana apande polepole, naye akatangulia na taa, akienda kwa mwendo wa mwenziwe mpaka mlangoni petu, ingawa njia ya kwake ilikuwa nyingine. Tulipotaka kumlipa alisema kipande cha bati hakina bei, na kwamba hakumpakia mtu hata adai nauli. Akakubali chai. Alipokuwa akinywa alituuliza, si kwa kutulaumu, bali kama mtu atakaye kujua: "Kwani nyinyi mkisafiri hamhesabu watu?"

Hatukuwa na jibu.

Tuliporudi Mombasa khabari hii iliwekwa mbele ya darasa, na zikatolewa hoja tatu za kututetea. Twazitaja kwa insafu, kwani kila moja ina watu wengi nyuma yake.

Hoja ya kwanza ni kwamba kila mtu na kipando chake: aliyetoka na chombo kibovu amejitakia. Hapana shaka kwamba kujiandaa ni wajibu. Katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mwenyezi Mungu, naye akamwagiza amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Mwenye baisikeli naye yampasa atazame breki zake na mnyororo wake na tairi zake kabla hajasema Bismillahi. Lakini kosa la kutojiandaa halifuti haki ya usuhuba. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Jabir bin Abdillahi, ambaye ngamia wake alichoka akawa hawezi kufuatana na watu. Mtume hakumwuliza kwa nini ametoka na mnyama dhaifu. Alimwendea, akamwuliza ana nini, akamgusa ngamia yule na kumwombea, akaenda kama hajapata kwenda. Kisha akamnunua kwake, na walipofika Madina akampa thamani yake na ngamia mwenyewe akamrudishia. Na katika Muslim imepokewa kwamba safarini Mtume aliwaamrisha wenye kipando cha ziada wamsaidie asiyekuwa nacho. Sisi tulikuwa watu 10 wenye vyombo vizuri, na mikobani mwetu mlikuwamo spana na pampu na viraka na gundi. Pini hatukuwa nayo, lakini macho tulikuwa nayo, na tangu Kisumu hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kuitazama baisikeli ya yule kijana. Basi ikiwa kutojiandaa ni kosa, na sisi tumo kosani.

Hoja ya pili ni kwamba hayo yaliandikwa. Na mzee mmoja aliongeza kwamba huenda ni jicho, na lau kijana angefunga hirizi katika usukani yasingalimpata. Ama qadari, twaiamini kheri yake na shari yake; lakini qadari si jina la uzembe wetu. Mtu akitaja qadari kwa msiba uliompata yeye, huo ni subira. Akiitaja kwa msiba aliomwachia mwenziwe, huko ni kukimbia. Na ama jicho, hatukanushi yaliyothibiti katika Hadithi, lakini pini iliyolika kwa miaka mingi haikungoja jicho la mtu. Fedha ya hirizi moja yanunua pini nyingi na mafuta ya mnyororo, na masalio yake yakabaki kuwa sadaka.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, na ndiyo iliyotutuliza usiku ule: kwamba tuliharakia Sala. Nani atalaumiwa kwa kuharakia Sala? Lakini tazameni, ndugu zetu. Tulikuwa wasafiri, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi msafiri wa namna yetu ameruhusiwa kuichelewesha Magharibi akaisali pamoja na Isha. Sharia ilikuwa imetupa nafasi pana, na imetupa kwa ajili ya safari khasa. Sisi tukaiacha nafasi hiyo, tukafanya dhiki tuliyojichagulia kuwa udhuru wa kumwacha ndugu gizani. Watu wetu wana msemo wao kwamba msafiri kafiri, wakitaka kusema kuwa aliye njiani husamehewa mambo. Ajabu yetu ni kwamba tuliacha kujisamehe katika Sala, ambayo Sharia imeturahisishia, tukajisamehe katika haki ya mwenzetu, ambayo Sharia haikuturahisishia.

Tena Bukhari amepokea kwamba katika safari moja mkufu wa Bibi Aisha ulikatika ukapotea, na Mtume akatua ili utafutwe, na jeshi zima likatua pamoja naye mahali pasipokuwa na maji. Watu wakanung'unika, wakamwendea Abubakar kumshitakia binti yake, naye akamkemea kwa kuwazuia watu. Kulipokucha na maji hayapo, Mwenyezi Mungu akateremsha Aya ya kutayamamu. Kisha ngamia akainuliwa, mkufu ukaonekana chini yake. Jeshi zima lilingoja kwa ajili ya mkufu wa mtu mmoja! Na kungoja huko, ambako watu walikuona hasara, kuliuletea umma mzima rukhsa tunayoitumia mpaka leo katika kila nchi yenye ukame na juu ya kila kitanda cha mgonjwa asiyeweza maji. Ikiwa mkufu ulingojewa, mtu je?

Hayo ni katika haki ya aliyekwama. Lakini naye aliyekwama ana wajibu wake, na kijana wetu ametupa ruhusa tuuandike. Alificha ubovu wa chombo chake kwa kuona haya, kwa sababu baisikeli za wenzake zilikuwa mpya na yake ya kurithi. Haya ni katika imani, lakini si haya ya namna hii. Mwenye kuficha dhiki yake huwanyima wenzake thawabu ya kumsaidia, kisha huwatia katika dhambi ya kumwacha bila wao kujua. Ilimpasa aseme pale Yala, mchana, penye mafundi. Na kama safari haikuwezekana, arudi kwa shauri la wote, si kwa uchungu wa peke yake. Hata hivyo twajiuliza: haya yake ilitoka wapi? Tulipokuwa Kisumu tulisifiana baisikeli zetu nusu saa nzima, huyu bei yake, huyu gia zake. Aliyekuwa na ile nyeusi alisikia yote. Basi kuficha kwake kulikuwa ni kosa lake, lakini sisi ndio tuliomfundisha.

Wako waliouliza, wangojaji wangoje mpaka lini? Mtu mmoja hawezi kuwafunga watu kumi milele. Jawabu letu ni kwamba mwenzenu asiachwe peke yake, wala asiachwe bila kujulikana. Chombo kikitengenezeka, wote watue mpaka kitengenezwe. Kisipotengenezeka, abaki naye mtu au watu, na waliosalia waendelee kwa radhi yake, baada ya kumfikisha mahali pa amani. Na mwenye kukwama asiwatake wenzake yasiyowezekana. Lakini hayo yote hayawezekani ila kwanza wajue kwamba amekwama; na kujua huko kwataka mtu wa kutazama nyuma. Tulikuwa na amiri, kwa kufuata Hadithi aliyoipokea Abu Daud kwamba watatu wakisafiri wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Walakini amiri wetu alikuwa mbele kabisa. Tulifuata nusu ya Sunna tukaiacha nusu, kwani Abu Daud huyo huyo amepokea kutoka kwa Jabir kwamba Mtume alikuwa akibaki nyuma katika mwendo, akamsukuma aliye dhaifu, akampakia nyuma yake, na akawaombea. Hii ndiyo hukumu ya suala letu: mahali pa amiri ni nyuma, na msafara huenda kwa mwendo wa aliye dhaifu katika watu wake.

Na hapa twawaomba wasomaji wetu wa pwani watuvumilie kwa neno zito kidogo. Sisi hatukuwa watu wa kwanza wa pwani kufika nchi zile. Katika karne ya 19 misafara ya babu zetu ilifika kwa Wawanga, palipo mji wa Mumias leo, na kwa misafara hiyo Uislamu ulipata njia ya kuingia huko, Alhamdulillahi. Lakini si siri kwamba msafara wa biashara wa zama zile ulikuwa ni wa pembe na mara nyingi wa watumwa pia, na aliyechoka njiani, mpagazi au mtumwa, mara nyingi aliachwa hapo alipoanguka ili mzigo ufike. Wao walikuwa na hisabu kali ya mizigo. Hatuandiki haya ili kuwatukana waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Twaandika kwa sababu usiku ule Sigalame tulijiona na sisi tuna tabia ile ile katika vazi la ibada: tuliihesabu rakaa tukasahau kumhesabu mtu.

Siku ya pili tulipanga msafara upya. Kijana tulimweka mbele, ili mwendo wake uwe ndio mwendo wetu, na amiri akawa wa mwisho. Kila baada ya kilima tulihesabu watu. Ule msumari wa Sigalame ulilegea mara mbili njiani, na mara mbili watu wote walishuka, mmoja akashika chombo na mwingine akagonga. Tulifika Busia tumechelewa, basi tuliloliwekea nafasi limekwisha kuondoka. Tukalala pale usiku mwingine kwa gharama, na ndugu mmoja akakatwa ujira wa siku kwa mwajiri wake. Twalitaja hilo ili isisemwe kwamba twawausia watu jambo lisilogharimu. Lagharimu. Lakini tulipoketi kula Busia hapakubaki sahani isiyokuwa na mwenyewe.

Basi kila mmoja wetu na autazame msafara aliomo, kwani si lazima uwe wa baisikeli. Katika mitaa yetu yumo mtoto aliyeacha chuo kwa kuwa hana kanzu ya kuvaa mbele ya wenziwe; yumo mjane afungaye mlango mapema ili jirani wasione kwamba jikoni mwake hamna moto; yumo mzee aliyekuwa akisali safu ya mbele ambaye hajaonekana tangu Ramadhani, wala hakuna aliyepita kumwuliza. Wote hao waliita mara moja. Siku mtu wa njiani atakapowakuta na kuwauliza wenzao wako wapi, watajibu kwamba wako mbele. Na akiuliza kama sisi twajua, jibu lao litakuwa ni lile lile la kijana wetu. Hatutaki kulisikia jibu hilo mbele ya Mola wetu, Siku ambayo hapana atakayeweza kusema kwamba alikuwa na haraka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amlipe kheri yule mtu wa Sigalame na amwongoze katika lililo bora, atusamehe sisi tulioghafilika, na atujaalie tuwe ni wenye kufika pamoja. Wabillahi taufiki.